Mkia wa Paka

Mgeni aliingia na ndoo. Hilo ndilo lililomshangaza Bi Ziwa kwanza, kwa sababu watu waliofika pale langoni walikuja na fimbo za kuvulia, viti vya kukunja na watoto wenye kelele. Ndoo ya samaki waliondoka nayo, kama siku ilikuwa njema. Na siku hizi hata wenye fimbo walikuwa wametoweka. Mtu alifika, akashusha kioo cha gari, akayatazama maji, akamtazama mwenzake, akarudi kinyumenyume hadi barabarani bila hata kuuliza bei ya tiketi.

Kijana huyu hakurudi. Alikuwa mwembamba, amevaa buti za mpira zilizomzidi miguu, na jinsi alivyoibeba ile ndoo kwa mikono miwili ungedhani ndani yake kuna mtoto mchanga. Alimwamkia Bi Ziwa kwa heshima zote, akaomba radhi kwa kuja bila taarifa, kisha akaiweka ndoo mezani, karibu na vitabu vya tiketi vilivyokosa mnunuzi, akafunua kitambaa.

"Mama," alisema, "naomba uniangalizie. Hili ni lenu?"

Bi Ziwa hakuhitaji kuinama. Uzi mmoja wa kijani, wenye urefu wa kiganja, ulikuwa umelala ndani ya maji kidogo, majani yake yamelizunguka shina kama nywele za brashi ya kuoshea chupa. Wavuvi wa pale waliuita mkia wa paka. Alikuwa akiuona mchana kutwa kwenye maji na, akifumba macho, akiuona tena nyuma ya kope.

"Ni letu," alisema. Akamvutia kijana kiti.

Bi Ziwa halikuwa jina lake wala cheo. Kwenye makaratasi ya idara aliandikwa Msimamizi. Hilo jingine alipewa na wavuvi zamani, kwa utani, walipomwona anamfokea mtu aliyetema mate majini kana kwamba ametemewa yeye usoni. Lilianza kama kejeli likaishia kuwa heshima. Sasa, ziwa likiwa katika hali ile, lilimchoma kila alipolisikia.

Kijana alijieleza. Alikuwa mlinzi wa ziwa la juu, lile dogo lililo ng'ambo ya vilima, ambako watu huvua kitoweo cha nyumbani na mara mojamoja wageni wa mjini huja kujipumzisha. Hawana mashine, hawana bajeti, wana yeye na buti zake. Wiki iliyopita alikuwa anafagia gati akaona majani asiyoyajua yamekusanyika karibu na nguzo, eneo la ukubwa wa mkeka. Akauliza huku na huku, akaambiwa nenda kaulize bondeni, huko ndiko yalikojaa.

"Na hapo hapo lilikuwa linaelea hili," alisema, akatoa kitu kwenye mfuko wake wa begani.

Lilikuwa kopo la njano la mafuta ya kupikia, limekatwa juu na kugeuzwa chombo cha chambo. Kingo zake zilikuwa zimepitishwa chuma cha moto ili zisikate vidole, na sikio lake la waya lilikuwa limevingirishwa kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli. Duniani alikuwepo mtu mmoja tu aliyejisumbua kiasi hicho kwa ajili ya kopo la minyoo, na mtu huyo alikuwa ndugu yake wa tumbo moja.

"Makopo kama haya yako mengi," alisema.

Kijana akakubali kwamba huenda. Hakuwa amekuja kutafuta mkosaji. Alikuwa amekwishatandaza turubai juu ya lile gugu na kulikandamiza kwa mawe ili lisione jua, na akiliacha hivyo miezi kadhaa, pengine litakufa. Hakuweza kuapa. Ila turubai alikuwa nalo moja, alilolitoa juu ya paa la jiko lake, na kama kipande kingine kitaingia upande mwingine wa ziwa hatakuwa na cha kukifunikia. Kwa hiyo alikuwa na ombi moja, na alijua hana mamlaka ya kumwamuru mtu: boti yoyote itakayotoka huku kwenda kule ioshwe, kisha ikaushwe mpaka kusiwe na tone hata kwenye nyufa za mbao.

"Haitatoka boti yenye maji," Bi Ziwa alisema. "Nakuahidi."

Aliahidi upesi mno, kama mtu anayelipa nauli ya mwenzake ili amwone akiondoka. Aibu ya lile kopo ilikuwa inampanda shingoni. Na isitoshe ilikuwa ahadi nyepesi. Nani angehangaika kuvuta boti kupita vilima vile? Kijana alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Macho yake yalikuwa yamelowa kidogo, na Bi Ziwa alitazama pembeni.

Kabla ya kuondoka kijana aliomba kuliona ziwa. Walitembea mpaka mwisho wa gati. Zamani pale ungeweza kuona samaki wakipita chini ya mbao, na watoto wakilala kifudifudi kuwachungulia. Sasa kulikuwa na zulia. Mkia wa paka ulikuwa umepanda kutoka chini hadi juu, umejikunja na kujisokota, na maji yaliyosalia katikati yake yalikuwa meusi na kimya. Kijana alichuchumaa akagusa majani kwa kidole. Bi Ziwa alitamani aseme lolote, hata la kumlaumu.

Hakuna ambacho hawakujaribu. Wanasema gugu lenyewe lilianzia kwa mtu aliyechoka na tangi lake la kioo la samaki wa mapambo, akalimwaga ziwani kwa huruma, wasife. Lilipoanza kuonekana, Bi Ziwa aliitisha watu wote wa mtaa waje na reki. Walikuja kwa wingi kuliko harusini. Walivuta, walicheka, walirushiana majani kama watoto, na jioni maji yalikuwa yameng'aa mpaka watu wakapigana picha. Hawakujua kwamba gugu lile halihitaji mbegu. Kila kipande kinachokatika huzama, hutoa mizizi, huanza maisha yake. Siku ile, wakidhani wanang'oa, walikuwa wanapanda. Baadaye idara ikaleta mashine ya kukata, ikafanya kazi ile ile ya reki kwa kasi zaidi. Wakaletwa samaki walao majani, wakala machanga, wakayaacha magumu, kisha wenyewe wakaliwa na watu kisirisiri, kwa maana walikuwa wanene.

Faida moja tu ndiyo iliyopatikana. Wauza chambo waligundua kwamba minyoo ikifungwa ndani ya mkia wa paka uliolowa hukaa siku kadhaa ikichezacheza, na samaki wakiwekewa majani yale hubaki wabichi kama wametoka majini sasa hivi. Watu walifurahi. Angalau adui analipa kodi, walisema. Na hivyo kila mgeni aliyenunua chambo aliondoka na gugu ndani ya kopo, akaenda nalo alikokwenda.

Jioni ile Bi Ziwa alipita uani kwa ndugu yake. Waliishi kiwanja kimoja, hatua chache kutoka langoni: yeye na mama yao chumba cha mbele, mdogo wake na mkewe nyumba ya nyuma, aliyoijenga mwenyewe. Hata chumba cha mbele alikijenga yeye, mwaka ambao dada yake alifiwa na mume na kurudi nyumbani na begi moja. Watu walimwita Nahodha, kwa sababu boti yake ilichukua watu wanne naye aliiongoza kana kwamba ina ghorofa. Alikuwa akiwapeleka wageni kuvua, akiwaonyesha samaki walipo, akiwafungia ndoano waliokuwa hawajui, na kwa kazi hiyo nyumba zote mbili zilikula.

Hakumwambia habari za kopo. Alimwambia tu mgeni amekuja, gugu limefika ziwa la juu, na kwamba aache kulifungia minyoo.

"Kwa hiyo mkia wa paka siku hizi una pasipoti," Nahodha alisema, na mkewe akacheka mpaka akaweka sufuria chini. Bi Ziwa naye akacheka. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka pamoja pale uani, ingawa hakuna aliyejua.

Kisha samaki wakafa. Asubuhi moja ya mawingu Bi Ziwa aliamka na harufu, akaenda mbio hadi majini akawakuta wameelea pembezoni, matumbo juu, midomo wazi. Gugu lilikuwa limewanyang'anya hewa. Wachache walikuwa bado wanahema juu juu, na Bi Ziwa, mtu mzima na sketi yake ya kazini, aliingia majini mpaka kiunoni akajaribu kuyasukuma majani kwa mikono ili wapate nafasi. Alifungua duara dogo. Majani yakarudi taratibu yakalifunga. Akafungua tena.

Mkubwa wake wa idara, ambaye wavuvi walimpachika jina la Bwana Tutaona, alipiga simu mchana. Safari hii hakusema tutaona. Alisema dawa ya kuua gugu haitaletwa mwaka huu wala mwaka ujao, ziwa lifungwe, na Bi Ziwa abaki langoni kuzuia watu. Aliposhusha simu alikaa ameshika tama mbele ya dirisha la tiketi mpaka giza likaanza kuingia, na hakuna aliyekuja kumuuliza chochote.

Nahodha hakukaa kushika tama. Siku chache baadaye alikuja ofisini amechangamka, akakalia ukingo wa meza. Wale wageni wake wa zamani, kundi la wazee wa mjini wanaopenda kuvua kuliko kula, walikuwa wamemtafuta. Wanataka kwenda ziwa la juu Jumamosi. Wakiridhika, watamchukua msimu mzima, na wana marafiki. Alikwisha kuazima pikapu. Kilichobaki ni kuitoa boti majini na kuipandisha kwenye trela.

Bi Ziwa alimwambia habari ya ahadi. Nahodha alisikiliza, akasema sawa, ataiosha. Dada yake akamwambia kuosha peke yake hakutoshi, ni lazima ikauke. Nahodha akamwonyesha dirisha kwa kidole. Manyunyu yalikuwa yanaanguka kama yalivyoanguka juzi na jana. Katika wiki zile hata soksi hazikuwa zimekauka kwenye kamba, sembuse boti ya mbao yenye sakafu mbili na matundu ambayo mkono haufiki.

"Waombe wasubiri jua," alisema Bi Ziwa.

Wasingesubiri. Yupo mwenye boti mwingine, aliyekuwa akilaza boti yake kavu nyumbani tangu mwaka jana, na namba yake wale wazee walikuwa nayo. Nahodha alisema hayo bila hasira, akimbembeleza kama zamani alipotaka dada yake amfichie kosa asipigwe. Kisha akaondoka akisema watazungumza.

Bi Ziwa alimpigia Bwana Tutaona. Alitumaini, na alijua kwamba anatumaini, kusikia kuwa kuna sheria, ili aseme si mimi, ni sheria. Bwana Tutaona alisema sheria ya namna hiyo haipo. Boti ni mali ya mtu, barabara ni ya watu wote, na ziwa la juu si la wilaya yao.

"Hiyo ahadi uliitoa wewe," alisema. "Usiitie idara humo."

Kwa siku zilizobaki aliigeuzageuza kila upande. Aliwaza kumpigia kijana wa ziwa la juu aombe radhi. Alishika simu, akaiweka. Aliwaza kwamba turubai lile pengine limekwisha kupeperushwa, kwamba ziwa lile litakufa tu kama lilivyokufa lake, na kwamba mdogo wake ataharibikiwa kwa ajili ya maji ambayo hayana tumaini. Usingizi ulimkataa. Mama yake, aliyelala kitanda cha pili, alimsikia anavyogeuka, akakohoa kidogo, wala hakuuliza.

Jumamosi asubuhi mnyororo ulikuwa langoni na kufuli lake, na Bi Ziwa alikuwa amesimama mbele yake. Nahodha alishuka kwenye pikapu. Nyuma yake boti ilikuwa imepanda trela, imeoshwa, hilo lilionekana; lakini kwenye pangaboi la injini, pale linapoungana na mhimili, Bi Ziwa aliona ncha ya kijani, na chini ya sakafu maji yalikuwa yanadondoka kimyakimya kwenye changarawe.

"Fungua, dada."

"Haijakauka."

Nahodha alitazama juu, mawinguni, kama anayemwonyesha mtu wa kulaumiwa. Akamwambia polepole kwamba watu wanamsubiri. Akamwambia gugu limekwisha kufika kule, dada yake mwenyewe alimwambia hivyo, sasa uzi mmoja zaidi una tofauti gani? Bi Ziwa alisema kule ni mkeka mmoja tu, na una turubai.

"Umeonaje wewe? Uliuona huo mkeka? Nani kakuhakikishia?"

"Kopo lilikuwa lako," Bi Ziwa alisema.

Hakuwa amepanga kulisema. Lilitoka, likakaa kati yao. Nahodha alijua kopo gani, na alijua maana yake. Uso wake ulibadilika, ukawa uso wa mvulana, kisha ukajikunja ukawa mgumu kuliko mwanzo.

"Kwa hiyo nimeliua hata lile," alisema. "Vizuri. Basi niache nikale kwenye msiba wangu."

Mama yao alikuwa ametoka ndani, kanga begani, na miguu yake mibaya. Alipita kando ya pikapu akiishika kwa mkono, akasimama karibu na mwanawe wa kiume.

"Mpishe mdogo wako apite," alisema.

"Siwezi, mama."

"Huwezi au hutaki?"

Bi Ziwa alishika mnyororo. Ulikuwa wa baridi na wenye maji kama kila kitu. "Sitaki, mama. Niliahidi."

"Ulimwahidi nani?"

"Kijana mmoja. Wa ziwa la juu."

"Ni nani kwako?"

"Si mtu wangu," alisema Bi Ziwa.

Mama aliitengeneza kanga begani. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya kitu, kwamba huyu hapa ndiye mtu wake, huyu aliyewafunika paa wote wawili. Akageuka akarudi ndani.

Nahodha angeweza kuukata ule mnyororo. Mkasi wa chuma ulikuwa kwenye pikapu, nyuma ya kiti, na wote wawili walijua. Alikwenda mpaka mlangoni pa gari, akasimama pale akiwa amempa dada yake kisogo. Simu yake ikalia mfukoni, ikalia, ikanyamaza. Ilipolia tena aliipokea, akasema ndiyo, akasema naelewa mzee wangu, akasema msijali, siku nyingine. Kisha akaichomoa trela kwenye pikapu, akaiacha iangukie mguu wake wa chuma wa mbele kwa kishindo.

"Baki nayo," alisema. "Hiyo boti, na hilo ziwa lako."

"Nitaikausha mwenyewe," Bi Ziwa alisema. "Jua likitoka tu, wiki moja—"

Nahodha hakuwa anasikiliza. Aliirudisha pikapu kwa mwenyewe, na kabla ya adhuhuri yeye na mkewe walikuwa wamefunga mizigo. Kulikuwa na binamu mjini, fundi wa madirisha, aliyewahi kusema anahitaji mtu. Walipitia uani bila kuingia chumba cha mbele. Wifi yake alisita kidogo akatazama upande wa lango, kama mtu anayetaka kuaga, halafu akashikwa mkono wakaenda. Mama alikaa ndani mlango ukiwa umefungwa. Chakula cha mchana alikipika, akakila peke yake, na sufuria akaiosha.

Bi Ziwa aliisukuma trela hadi chini ya kibanda cha bati, mbali na maji, mahali ambapo mteremko unaelekea barabarani. Ilimchukua muda, na mara mbili magurudumu yalimrudia. Alipofika alichomoa kizibo cha chini ya boti. Maji yalitoka kwa nguvu, kisha kwa uzi, na pamoja nayo ukatoka mkia wa paka, kipande baada ya kipande, kijani kibichi, wenye afya, kama umechumwa sasa hivi. Mwingine ulikuwa na vijizizi vyeupe.

Aliukusanya wote kwenye kipande cha bati. Akatafuta msumari na taa ya mkononi, akang'oa mbao za sakafu moja moja, akapanda ndani, akapiga magoti. Manyunyu yalikuwa yanapiga juu ya paa. Akaanza kuchokoa nyufa, kutoka upande wa mbele.